MKANDA WA JESHI: MANENO YA MAJIRANI YASIKUCHELEWESHE

Mkanda wa jeshi, ambao wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tunauita zona, una matibabu. Lakini hapa Nyarugusu, mtu akitokwa na malengelenge ubavuni, jirani mmoja husema amerogwa, mwingine husema ana ukimwi. Mgonjwa anajifungia ndani kwa aibu, na siku za kutibiwa zinampita.

Ukweli ni huu. Ukishaugua tetekuwanga, virusi vyake hubaki vimelala ndani ya mishipa ya fahamu. Kinga ya mwili ikipungua kwa uzee au maradhi, vinaweza kuamka. Kwanza utasikia maumivu ya kuchoma upande mmoja wa mwili. Baada ya siku chache hutokea vipele vyenye maji, vimejipanga kama mkanda.

Ukiona hivyo, wahi kituo cha afya ndani ya siku 3 tangu vipele vitokee. Dawa ya acyclovir hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa mapema. Siku 3 zikipita, nenda hata hivyo, maana maumivu yanaweza kudumu miezi. Vipele vikiwa usoni, karibu na jicho au kwenye pua, nenda siku hiyo hiyo. Unaweza kupofuka.

Nyumbani, osha vidonda kwa maji safi na sabuni, vikaushe, uvifunike kwa kitambaa safi. Usivipasue, wala usipake majivu au dawa ya meno. Maji ya vipele yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Kwa hiyo usikae karibu na wajawazito na watoto wachanga mpaka vikauke.

Je, ni ukimwi? Mkanda wa jeshi huwapata zaidi wenye VVU, lakini huwapata pia wasio navyo, hasa wazee. Mhudumu akikushauri kupima, kubali. Ukikutwa navyo utaanza dawa mapema, na utaweza kuishi miaka mingi ukilea wanao. Jirani hawezi kusoma majibu yako kwenye ngozi.

Nanyi majirani, kwa maoni yangu ulimi wetu unachelewesha wagonjwa kuliko umbali wa kituo. Mwenzako akiugua, msindikize. Akiogopa, tuite sisi wahudumu wa afya ya jamii. Tutakwenda naye, na siri yake tutaitunza.