Ioni Haziendi Zenyewe

Mwandishi wa makala ya kinu cha muunganiko wa nyuklia kwa mwale wa ioni nzito ameruka penye utamu. Ioni za mwale huo zina chaji chanya, kwa hiyo husukumana, na mwale hutawanyika kabla ya kufika kwenye shabaha ya fueli. Kutafuta dawa ya hilo, watafiti wa kituo cha ioni nzito cha GSI, Darmstadt, Ujerumani, walijaza chemba gesi ya amonia yenye kanieneo ndogo, wakapitisha leza ya kaboni dioksidi. Gesi iliyo kwenye njia ya leza ikapata moto, ikatanuka, ikawa nyepesi. Umeme ulipoachiwa ukafuata njia hiyohiyo kama maji mferejini. Mkondo ulizidi ampea 40,000, na uga wake wa sumaku ndio unaozibana ioni zisichepuke. Ila (hapa mashabiki hunyamaza) njia yenyewe ilikuwa na urefu wa takriban nusu mita, ilhali kinu kitalazimika kuiunda upya mara kadhaa kila sekunde. Kuiita teknolojia iliyo tayari ni kutudanganya wasomaji.