TUANZE KUFUTA RANGI YETU WENYEWE

*Kauli ya Kamati ya Tawi kwa wanachama wote*



Wiki hii wengi wenu mmetutumia picha za ukuta wa shule ya msingi ya mtaani kwetu: majina, matusi na michoro ya rangi ya kupuliza, kuanzia getini hadi kona ya sokoni. Mmeuliza chama kinasema nini. Wapo waliotaka vijana wa kijiweni wakusanywe wote "wafundishwe adabu".

Tunasema hivi. Ukuta ule ulijengwa kwa michango ya wazazi, na aliyeuchafua amekosa. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Hatutamtetea mtu yeyote, hata akiwa na kadi yetu mfukoni.

Lakini zitazameni tena picha zenu. Chini ya matusi yale kuna rangi za chama chetu. Tuliupaka sisi, usiku wa kampeni, bila kumwomba ruhusa mwalimu mkuu. Picha za wagombea wetu bado zimeganda kwenye nguzo za umeme. Mvua imezichana, gundi imebaki. Kijana aliyetuona na ndoo ile usiku alijifunza nini? Kwamba ukuta wa umma hauna mwenyewe. Anayeandika "Nyumba hii haiuzwi" anaandika kwake. Sisi tuliandika kwa watu.

Jambo la pili: tusichanganye rangi na wizi. Matusi ya ukutani yanaudhi, ila ndoo moja ya rangi huyafuta. Mfuniko wa chemba ukishang'olewa haurudi. Karibu na kituo cha bodaboda shimo limekaa wazi tangu masika, limefunikwa kwa tawi la mti na tairi bovu. Mtoto amekwisha kuumia pale. Mfuniko ule haukuliwa. Uliuzwa kama chuma chakavu. Aliyeung'oa alipata hela ya siku moja, na mwenye mizani hakumuuliza ameutoa wapi. Hasira yetu yote tunaimalizia kwa mvuta rangi, huku mnunuzi wa mifuniko tukimwamkia kila asubuhi.

Kwa hiyo kamati inapendekeza:

*1.* Jumamosi hii, saa 1 asubuhi, tukutane getini shuleni na brashi, ndoo na ngazi. Tutabandua picha zetu na kufuta rangi zetu kwanza, kisha matusi. Rangi itanunuliwa na mfuko wa tawi. Tusije na bendera wala sare.

*2.* Asipigwe mtu. Aliyeona jambo amweleze mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, naye alifikishe polisi. Kipigo cha kijiweni hakijawahi kurudisha mfuniko, na mara nyingi humwangukia asiyehusika.

*3.* Kwenye mkutano wa mtaa tudai kila mnunuzi wa chuma chakavu aandike daftari la wanaomuuzia, na akatae mifuniko ya chemba na vyuma vya taa za barabarani. Mwanachama wetu mwenye biashara hiyo awe wa kwanza.

*4.* Kwa ridhaa ya uongozi wa shule, upande wa ukuta unaotazama uwanja wapewe vijana wachore mchana, kwa majina yao. Dar es Salaam hii imewatoa Wachata, waliofanya michoro ya ukutani kuwa kazi ya heshima. Kijana mwenye ukuta wake hulinda na wa jirani.

Wapo watakaosema tunajidhalilisha kufuta jina la chama kwa mikono yetu. Sisi tunaona aibu ilikuwa kuliandika pale. Uchaguzi mwingine utakuja, na tutaomba kura kwa wazazi walewale waliochangia matofali yale.

Tunaomba kila kiongozi wa shina awafikishie ujumbe huu wasio na simu janja.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi*