Kitufe Kisicho na Jina

Mwaka jana nilikaa kando ya mhasibu asiyeona, katika ofisi ya Saccos moja, siku aliyokuwa akijifunza programu mpya ambayo chama chake kilikuwa kimeinunua kwa fedha nyingi. Mtu huyu amefanya hesabu kwa kompyuta miaka kumi na mitano. Vidole vyake hupita kwenye kibodi upesi kuliko vyangu, na kisoma skrini chake kinamsemea kwa kasi ambayo mimi sikuambulia hata neno. Akafungua dirisha la kuingiza marejesho ya mkopo, akabonyeza Tab. Sauti ikasema, "Kitufe." Akabonyeza tena. "Kitufe." Tena. "Kitufe." Vilikuwa saba. Kwangu mimi niliyekuwa naviona, kila kimoja kilikuwa na picha yake: diski ya kuhifadhi, printa, pipa la taka. Akaniuliza, "Ndugu yangu, cha kufuta ni kipi kati ya hivi?" Alitaka kukijua ili asikiguse.

Toleo hili lote linatokana na swali lake.

Ukitaja ufikivu mbele ya waandishi wa programu, wengi hufikiria kazi ya kuongeza: toleo maalumu kwa watu maalumu, litakalofanyika mradi ukiisha na fedha zikibaki. Fedha hazibaki, tunajua. Lakini kosa liko kwenye fikra yenyewe. Kisoma skrini hakitazami picha. Kinaiuliza programu maswali matatu kuhusu kila kilichomo dirishani: wewe ni nini, unaitwa nani, na uko katika hali gani? Ni kitufe, kinaitwa Hifadhi, kwa sasa kimezimwa. Ni kisanduku, kinaitwa Mwanachama Hai, kimewekwa tiki. Majibu hayo yakiwepo, anayesikiliza kwa masikio, anayesoma nukta nundu kwa ncha za vidole, na asiyeweza kushika kipanya anayeiamrisha kompyuta kwa mdomo, "bonyeza Hifadhi," wote wanafanya kazi ndani ya programu ileile moja. Yasipokuwepo, hakuna kifaa cha msaada, hata kiwe cha bei gani, kitakachoyabuni kwa uhakika.

Qt, GTK, Java na zana za Microsoft zote zina mahali pa kuandika jina la kitufe chenye picha. Ni mstari mmoja wa msimbo. Kitufe cha kawaida kinachotoka kwenye zana hizo huja tayari na jibu la swali la kwanza na la tatu. Kinachongojwa ni jina tu. Hali huwa mbaya zaidi pale mwandishi anapochora kitufe chake mwenyewe toka mwanzo, kwa ajili ya urembo, kwani hapo hata kujulikana kwamba ni kitufe kunapotea. Kisoma skrini kinapita kama hakuna kitu.

Kuna wakati mambo haya yalikuwa rahisi. Skrini ya DOS ilikuwa herufi tupu, kwa kawaida mistari 25 yenye nafasi 80 kila mmoja, na programu ya kusoma ilichukua herufi zilivyo ikazitamka. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano hadi ajali ya gari ya mwaka 1978 ilipompofusha, alitoa kisoma skrini cha JAWS mwaka 1989 katika mazingira hayo. Kisha yakaja madirisha na picha. Herufi zikageuka nukta za rangi, na wasioona waliokuwa na ajira zao za ofisini wakaona ardhi inawatoka chini ya miguu. Waandishi wa visoma skrini walilazimika kuzidaka amri za kuchora zikiwa njiani kwenda kwenye skrini, wakabahatisha: hapa pamechorwa mstatili, ndani yake neno OK, basi huenda hiki ni kitufe.

Windows 95 ilitoka Agosti 1995 bila njia rasmi ya programu kujieleza. Maofisa wa jimbo la Massachusetts wakatishia kwamba serikali yao haitainunua. Njia hiyo ilitolewa na Microsoft mwaka 1997. Nakirudia kisa hiki kila ninapoambiwa kwamba teknolojia bado haijafika. Ilifika zamani. Kilichokuwa kikikosekana ni mnunuzi mwenye uzito wa kusema: hatulipi.

Na hapa ndipo ninapowaelekea wasomaji wetu walio kwenye halmashauri, hospitali, benki na vyama vya ushirika, wanaoandika zabuni. Jina la kitufe linaandikwa na mwandishi wa programu, lakini linadaiwa na anayelipa. Sheria zipo: Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huohuo inaitaka serikali, katika ibara ya 7, kuendeleza njia na teknolojia za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Ninachokiomba ni kidogo kuliko sheria. Siku muuzaji anapokuja kuonyesha bidhaa yake, mwambieni aweke kipanya pembeni, awashe kisoma skrini, azime skrini, kisha aingize rejesho moja la mkopo kuanzia mwanzo hadi risiti. Akishindwa, mfanyakazi wenu atashindwa kila siku.

Muuzaji hawezi kusema kwamba kisoma skrini ni ghali. Mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, na James Teh, naye asiyeona, akajiunga naye. Visoma skrini vya kibiashara vilikuwa vinauzwa karibu dola 1,000. Chao hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ndani yake mna sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo. Sauti ni ya chuma kidogo, lakini maneno yanasikika, maana tahajia yetu haifichi matamshi. Isipokuwa programu nyingi za kwetu zinaandika Kiswahili bila kuiambia kompyuta kuwa hiki ni Kiswahili. Sauti ya Kiingereza inalichukua neno "mume" inalitamka "myum", na "pole" inakuwa "poul". Mwandishi wa programu anaweza kuyasikia haya usiku huuhuu kwa kupakua NVDA na kufumba macho.

Nimewasemea zaidi wasioona kwa sababu ya mhasibu yule, lakini kurasa zijazo zina wengine. Yumo mtu wa mkono mmoja, anayehitaji kubonyeza Ctrl kwanza na C baadaye. Yumo kiziwi, ambaye onyo la hatari linamlilia bila chochote kuonekana kwenye skrini. Yumo asiyetofautisha nyekundu na kijani, aliyewekewa madeni mabaya kwa nyekundu na mazuri kwa kijani bila neno lolote pembeni.

Mhasibu, kwa upande wake, aliandika barua kwa muuzaji, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Akaamua kuhesabu. Cha kwanza kuhifadhi, cha pili kuchapisha, cha tano kufuta. Akavikariri vyote saba na kazi ikawa inakwenda. Mwezi wa tatu programu ilisasishwa, kikaongezwa kitufe kimoja katikati. Alinipigia simu asubuhi hiyo akaniomba nipite ofisini kwake nikitoka kazini, nimsomee mpangilio mpya.