Ruzuku Isiyotozwa Kodi na Ukaazi wa Watafiti Nchini Ujerumani

Wachukuliwe, kwa mfano, watafiti wawili wa kemia wenye shahada ya udaktari, mmoja kutoka Kenya na mwingine kutoka Tanzania, ambao wamepokelewa mwezi mmoja katika maabara moja ya chuo kikuu nchini Ujerumani. Wanatumia mizani ile ile, wanaandika makala pamoja, na jioni hufunga mlango mmoja. Tofauti yao haionekani maabarani. Imo katika karatasi ambayo kila mmoja aliitia saini siku ya kwanza. Mkenya ana mkataba wa ajira. Mtanzania anaishi kwa ruzuku ya utafiti isiyotozwa kodi.

Mwisho wa mwezi ni mwenye ruzuku anayeonekana kuwa na bahati, maana fedha yake yafika benki nzima. Mwenzake, ikiwa mshahara wake ni yuro 4,000, hukatwa yuro 372 kwa ajili ya bima ya pensheni peke yake. Mwajiri naye huongeza yuro 372 nyingine, kwa kuwa mchango huo ni asilimia 18.6 ya mshahara na hugawanywa nusu kwa nusu. Bado kodi ya mapato, bado bima ya afya, bado bima ya kukosa kazi. Si ajabu wanafunzi wasikiapo habari hizi wakauliza ni nani mwenye akili timamu atakayeutaka mkataba.

Jibu huja baada ya miaka mitano. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani, katika kifungu chake cha 9, yamruhusu mgeni aliyekaa kwa kibali muda huo aombe ukaazi wa kudumu. Mojawapo ya masharti ni kwamba awe amelipa michango ya angalau miezi 60 katika bima ya pensheni ya nchi, ama athibitishe kuwa ana haki inayolingana na hiyo katika bima nyingine. Miaka ya mwenye ruzuku yahesabiwa, kwani alikuwa na kibali halali cha mtafiti. Lakini katika daftari la pensheni hana mwezi hata mmoja. Mwenzake yamkini alikwisha kuipata haki hiyo zamani: ikiwa mshahara wake ulifikia kiwango cha kupewa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, alihitaji miezi 27 tu ya kazi na michango, au 21 kama alijifunza Kijerumani cha kutosha.

Hakuna karani aliyemdanganya. Sheria ya kodi ya mapato ya Ujerumani, katika kifungu cha 3, huisamehe ruzuku ya utafiti itokayo katika fedha za umma iwapo haizidi mahitaji ya maisha, na iwapo anayeipokea hafungwi kutoa kazi maalumu kama malipo ya fedha hiyo. Maana yake ni kwamba msamaha hutolewa kwa sababu mtu huyo hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Na asiyekuwa mfanyakazi halazimiki kuingia katika bima ya pensheni, ambayo tangu sheria yake ya kwanza ya mwaka 1889 ilitungwa kwa ajili ya watu wa mshahara. Ofisi ya kodi husema, "Huyu si mfanyakazi," ikamwachia fedha yake. Miaka mitano baadaye ofisi ya wageni huuliza iko wapi michango ya kazi yake.

Hapo ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya kimsingi. Mtu huyu hupima sampuli, huwaelekeza wanafunzi, na matokeo yake huipatia maabara sifa. Kumwita mgeni wa chuo tu ni kucheza na maneno. Linaloshangaza zaidi ni kwamba kifungu hicho cha 9 humsamehe sharti la michango mgeni aliye bado masomoni akitafuta shahada. Mwanafunzi amesamehewa, mwajiriwa ametimiza, daktari wa ruzuku amebaki njia panda.

Wako watakaosema kwamba ruzuku za namna hii zimekusudiwa kumrudisha mtaalamu kwao, na kwamba nchi za Afrika ya Mashariki hazina haja ya kulilia ukaazi wa Ujerumani. Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, hata katika kurudi wawili hawa hawalingani. Mwenye mkataba, akiisha kuondoka katika Umoja wa Ulaya, aweza baada ya miezi 24 kudai arudishiwe sehemu ya michango aliyoilipa mwenyewe, ingawa ile ya mwajiri hubaki huko. Mwenye ruzuku hana cha kudai. Tena kurudi nyumbani yafaa kuwe uamuzi wa mtu na taifa lake, wala kusitokane na safu tupu katika daftari la pensheni.

Dawa inajulikana. Jumuiya ya Max Planck ilitangaza mwaka 2015 kwamba wanafunzi wake wa udaktari watapewa mikataba badala ya ruzuku. Lililowezekana kwa wanafunzi haliwezi kushindikana kwa madaktari. Ni kweli kwamba mkataba una gharama zaidi, na fungu lile lile la fedha litawatosha watu wachache. Lakini bei hiyo ni bora kuliko kuwaalika wengi kwa nusu ya haki.

Hadi hayo yatakapotokea, mwenye ruzuku anayeishi Ujerumani aweza kujiunga na bima ya pensheni kwa hiari yake, na sheria ya ukaazi huikubali michango hiyo. Kiwango cha chini mwaka 2025 kilikuwa yuro 103.42 kwa mwezi. Kwa miezi 60 jumla ni yuro 6,205.20. Si fedha kidogo, lakini ikilipwa mwezi kwa mwezi yabebeka. Haingojei, hata hivyo. Michango ya mwaka mmoja hupokelewa mpaka tarehe 31 Machi ya mwaka unaofuata, na mtafiti anayeipata habari hii mwezi Aprili amekwisha kupoteza miezi 12.