Silinda ya Ngapi?

Gari la zamani likianza kumisi, yaani silinda ikikosa kuwaka sawasawa, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: plagi hizo. Dereva wa teksi anasema hivyo, jirani anasema hivyo, na fundi naye anajibu kwenye simu, "Nunua plagi nne uje nazo." Mwenye gari anakwenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga ikiwa yuko Nairobi, analipa, zinafungwa, injini inatulia. Wiki chache baadaye anapanda Mlima Kitonga na gari linaanza kukohoa upya. Safari hii lawama inaangukia plagi feki.

Imani hiyo si kweli, na inadumu kwa sababu plagi mpya huficha ugonjwa. Plagi inavyotumika, ncha zake hulika na pengo kati yake hupanuka, na pengo likipanuka cheche huhitaji umeme wa nguvu zaidi ili iruke. Koili inayozalisha umeme huo ikichoka, haina nguvu hiyo. Ifungie plagi mpya yenye pengo dogo, nayo itaimudu kwa muda. Kwa hiyo gari kutulia baada ya kubadilishiwa plagi si ushahidi kwamba plagi ndizo zilizokuwa na kosa. Huenda koili imepunguziwa mzigo tu.

Chukua Corolla za miaka ya 1990, zile za injini ya 5A, ambazo bado zinabeba abiria na magunia. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inatakiwa kuwaka mara 25 kwa sekunde moja. Ili iwake inahitaji hewa na petroli kwa kipimo chake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Plagi ni ncha ya mwisho ya hitaji moja kati ya hayo. Nyuma yake kuna waya, kifuniko cha distributa, rota na koili, na unyevu wa asubuhi ya masika ukiingia kwenye kifuniko chenye ufa unatosha kuvuruga kila kitu. Halafu kuna raba za mashimo ya plagi, chini ya kava ya tapeti. Zikikauka, oili inavuja na kujaa mle ndani, na cheche inakimbilia pembeni badala ya kushuka. Hapo plagi ya bei yoyote italowa kama iliyotangulia.

Gari lenyewe husema linaumwa wapi, likisikilizwa. Likimisi zaidi mlimani au likiwa na mzigo, shaka iende kwanza upande wa umeme, kwa kuwa mgandamizo unapopanda ndani ya silinda cheche hupata taabu kuruka. Likimisi limesimama na kutulia likikimbia, utafutwe mpira wa hewa uliopasuka, gasketi inayovujisha hewa au valvu isiyofunga sawasawa.

Imani hii imezaa mtoto wa kisasa. Siku hizi mashine ya kupima inachomekwa, inaonyesha P0303, na mtu anatumwa koili. Namba hiyo inasema silinda ya tatu haiwaki vizuri. Haisemi ni kwa nini. Kwenye IST au Probox yenye injini ya 1NZ, ambayo kila silinda ina koili yake, fundi anaweza kuihamishia koili ya tatu kwenye silinda ya kwanza bila gharama yoyote. Namba ikigeuka kuwa P0301, koili imejifichua. Isipogeuka, pesa ya mwenye gari imenusurika.

Fundi asibebeshwe lawama yote. Mwenye gari halalamiki kulipia spea anayoishika mkononi, lakini akiambiwa alipie saa nzima ya kupima anaona anaibiwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa homa: mtu akichemka mwili, alikuwa akipewa dawa ya malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya dawa, na watu wamejifunza kudai kipimo. Gereji hakuna anayekidai, ingawa kubahatisha kuna hasara: gari likiendelea kumisi, petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda, na ikifika kwenye eksozi huungua humo na kuyeyusha masega ya katalisti.

Swali la kumwuliza fundi anayetaka plagi nne ni moja: silinda ya ngapi? Kwenye Corolla ya distributa, anayejua kazi hukata cheche ya silinda moja baada ya nyingine, kwa koleo lenye kinga kwa sababu umeme ule ni maelfu ya volti. Ile ambayo ikikatwa injini haibadiliki mlio, ndiyo iliyolala. Tuseme ni ya nne. Anaipa plagi ya jirani yake, na bado imelala. Waya na cheche zikiwa nzima, anafunga geji ya mgandamizo: silinda tatu zinasoma karibu psi 170, ya nne 90. Anaimiminia kijiko cha oili na kupima tena, maana oili ingeziba ringi zilizolika na kuupandisha mshale. Mshale unabaki palepale. Basi shaka inahamia kwenye valvu, kazi inaanzia kwenye tapeti, na plagi nne za zamani zinafutwa na kurudishwa mahali pake.