Kijana wa Kwacha Si Mhujumu

Mjini kumezuka wimbo mpya. Eti fedha sasa ni tarakimu tupu, eti tokeni zinakuja kufuta kazi za benki, eti dalali hana maisha tena. Waimbaji wake wako makundi mawili. Kuna wakubwa wa ofisini wanaosema mambo haya ni utapeli mtupu, vijana tukae mbali. Halafu kuna jamaa wa suti za kubana wanaouza semina, ambao kwao asiyejiunga leo ni mshamba. Mimi nasema makundi yote mawili yanatudanganya, na anayelipia uongo wao ni kijana wa mpakani.

Naishi Tunduma, mkoani Songwe. Hapa ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zinapovuka kuingia Nakonde. Malori yanapanga foleni usiku na mchana, na pembeni ya malori wapo vijana wenye mabunda ya kwacha na shilingi mkononi. Wengi wao wameishia kidato cha nne kama mimi. Ukimtajia kiasi, anakupigia hesabu kichwani kabla hujatoa simu mfukoni. Tarehe 1 Januari 2013, Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye kwacha yake, hakuna aliyewaitia vijana hawa semina. Walijifunza wenyewe, tena haraka, kwa sababu kukosea sifuri moja ni kula mtaji. Jamani, kama hiyo si taaluma ya fedha, taaluma ni nini? Tai?

Sasa hebu tuangalie taaluma hiyo imetendewa nini. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, mtu kukutwa na fedha za kigeni ilikuwa balaa. Mwaka 1992 ikaja sheria mpya ya fedha za kigeni, maduka ya kubadilisha yakafunguliwa mchana kweupe, na kazi ileile ikaitwa biashara. Novemba 2018 Arusha, na mwanzoni mwa 2019 Dar es Salaam, maduka yakavamiwa na kufungwa, hata askari wa jeshi wakatumika. Kanuni za mwaka 2019 zikataka mtaji wa shilingi bilioni 1. Mwaka 2023 masharti yakalegezwa na maduka yakagawanywa kwa madaraja, lakini mtaji uliobaki ni wa mtu mwenye fedha zake, siyo wa kijana wa pale mpakani. Yaani kazi ni moja, ila kila kizazi kinaambiwa jina lake upya: jana mhujumu, leo mfanyabiashara, kesho mhujumu tena. Na kila inapohalalishwa, inahalalishwa kwa mwenye nacho.

Tokeni zinaingia kwenye historia hiyohiyo. Msiogope neno. Mama yangu ukimwambia tokeni, anauliza kama umeme umekatika, na wala hajakosea. Unalipa fedha, unapewa tarakimu 20 za LUKU, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka. Zile tarakimu si umeme. Ni haki yako ya kupata umeme. Mkulima anayepeleka mazao yake ghalani naye anapewa stakabadhi. Karatasi ile si ufuta, lakini mwenye nayo ana haki juu ya ufuta, na Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 inailinda haki hiyo. Tokeni za siku hizi ni wazo hilohilo: haki juu ya dola, hisa, nyumba au hati ya deni inaandikwa kwenye daftari la kompyuta ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi, nayo inahama kutoka mtu hadi mtu kwa dakika chache. Machi 2024 kampuni kubwa ya Marekani, BlackRock, ilianzisha mfuko wa uwekezaji wa namna hiyo. Kwa hiyo anayesema huu ni mchezo wa wahuni ana habari za zamani.

Lakini anayesema kazi zitakufa naye hajaangalia nchi yake. Zamani ndoto ya mzazi wa Mbozi aliyevuna kahawa ilikuwa kumwona mwanawe nyuma ya kioo cha benki. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, mwaka 2013 Benki Kuu ikatoa mwongozo wa mawakala wa benki, na kazi ya yule karani ikatoka nyuma ya kioo ikahamia kwenye vibanda vya Vwawa na Mlowo. Kazi haikufa, ndugu yangu. Ilihama. Kilichobaki nyuma ya kioo ni mshahara, bima, pensheni na mlinzi mwenye bunduki. Wakala anakula kamisheni, na akitapeliwa hasara ni yake peke yake.

Tokeni nazo zinafanya vivyo hivyo. Nawafahamu vijana walioongeza bidhaa ya tatu kwenye kwacha na shilingi: dola za tarakimu, USDT, tokeni iliyofungwa thamani yake na dola ya Marekani. Mfanyabiashara anataka kulipia mzigo China, dola za karatasi hazionekani, basi anampa kijana shilingi na kijana anamtumia tokeni. Dalali hakufutwa! Yupo palepale, ila sasa amebeba hatari ambayo benki ilikuwa ikiibeba. Mmoja alipokea ujumbe wa malipo kwenye simu, akaachia tokeni, kumbe ujumbe ulikuwa wa kughushi. Mtaji wa miaka miwili ukayeyuka. Alipokwenda kulalamika kwenye ofisi moja, aliambiwa biashara yenyewe haitambuliki, ashukuru hakukamatwa yeye.

Na sheria? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali na biashara yake inakiuka kanuni za fedha za kigeni. Juni 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu hiyohiyo ijiandae kwa mabadiliko hayo. Tukashangilia. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya 3% kwenye malipo ya kuhamisha au kubadilisha mali za kidijiti. Haikuanzisha leseni wala mahali pa kulalamika. Hivi mtu anatozwaje kodi kwa kazi asiyoruhusiwa kukiri kwamba anaifanya? Tena 3% hiyo ni ya malipo, si ya faida. Kijana anayepata faida ya shilingi 1,000 kwenye muamala wa shilingi 100,000, akikatwa 3,000, amekula mtaji wake. Atafanya nini? Atajificha zaidi, na akijificha, serikali inakosa kodi, naye anakosa ulinzi.

Majirani zetu Kenya walianzia hapohapo, kwa kodi ya 3% mwaka 2023. Mwaka 2025 waliifuta, wakaweka ushuru wa 10% kwenye ada anazotoza mtoa huduma, na mwaka huohuo wakapitisha sheria ya watoa huduma za mali za kidijiti, yenye leseni na wasimamizi wanaojulikana. Sisemi Kenya ni peponi. Nasema walitambua kwamba hutozi usichokitambua.

Najua jibu la wakubwa: utakatishaji wa fedha haramu, upatu, wizi. Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Mwaka 2009 tuliona DECI, watu wakiambiwa wapande mbegu wavune, wakavuna machozi. Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya nchi zenye mapungufu katika kuzuia fedha haramu, na ikatoka Juni 2025 baada ya kazi kubwa. Sawa kabisa. Lakini fedha chafu hupenda giza. Kijana aliyesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa, mwenye kikomo cha miamala kwa siku na daftari linalokaguliwa, ni taa. Ukimfukuza unabaki na giza, halafu unalalamika huoni.

Kwa hiyo tunachodai si ruksa ya kila kitu. Tunadai leseni ndogo ya mpakani, ambayo kikundi cha vijana kumi wanaweza kuimudu kwa kuchangishana. Tunadai fedha za mteja zitengwe na za mwenye huduma, kama inavyotakiwa kwa fedha za simu tangu kanuni za mwaka 2015. Tunadai mahali pa kulalamika ambapo swali la kwanza si “wewe ni nani?” Na kodi ije baada ya hayo, tena ikatwe kwenye faida. Tutalipa. Mtu mwenye leseni ukutani hulipa kodi kifua mbele.

Mwisho nageukia kwenu, wenzangu wa kalamu, maana na sisi tumo. Fungueni miswada yetu mtazame. Mwenye kazi ya fedha ni meneja wa benki mwenye gari, na mbadilisha fedha wa mitaani ni jambazi anayeuawa sura ya mwisho. Mimi naandika riwaya ambayo mhusika wake mkuu anabadilisha kwacha hapa Tunduma. Mhariri mmoja alinirudishia akisema mhusika wa namna hiyo awe mwizi, la sivyo wasomaji hawataamini. Wasomaji gani? Wanaopita hapa na malori wanamwamini kijana huyo kwa mamilioni ya shilingi bila risiti, sembuse kwenye kitabu!

Watunga sheria nao ni wasomaji. Walikua wakisoma hadithi ambazo kijana wa mtaani hana akili ila ujanja, hana mtaji ila wizi, na leo wanamwandikia kanuni kwa picha hiyohiyo. Tukimwandika alivyo, na hesabu zake na hofu zake na uaminifu wake, tutakuwa tumeweka ushahidi mezani. Hata maneno yenyewe ni kazi yetu. Wataalamu wanatupiga chenga kwa istilahi nzito ili tusiulize; tuyalete maneno hayo sokoni, yasemwe kwa Kiswahili cha mama wa LUKU.

Kazi ya fedha imeshahama kutoka kwenye kioo hadi kwenye kibanda, na kutoka kwenye kibanda hadi kwenye kiganja cha kijana. Sheria iifuate huko, ikiwa imebeba ulinzi kwanza, kodi baadaye. Nasi tuifuate na kalamu. Mswada wangu naendelea nao, na mhusika wangu hataiba.