Kamera ni ya kwako au ya kukodi?

Wadau, samahani kwa ukimya wa wiki kadhaa. Kazi za chumba cha habari zilinibana, na wikiendi zangu zote zimekwenda kwenye harusi za watu. Leo narudi kwa sababu kuna fomu imelala mezani kwangu tangu Jumatatu. Ni fomu ya mkopo wa SACCOS. Nimeijaza kila mahali, isipokuwa pale pa kuweka sahihi.

Mkopo wenyewe ni wa kununua kamera.

Kisa kilianzia ukumbini, Sinza, mwezi uliopita. Nilikuwa nimeinama napiga picha ya keki, mjomba mmoja wa bwana harusi akanisogelea. "Kijana, hiyo kamera ni ya kwako?" Nikamjibu, hapana mzee, ya kukodi. Akatikisa kichwa kwa huruma, utadhani nimemwambia naumwa. "Usikate tamaa mwanangu, Mungu atakujalia na wewe upate ya kwako."

Nilitabasamu lakini iliniuma. Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani ndipo nikaanza kuhesabu. Gauni la bibi harusi lilikuwa la kukodi. Viti na vitambaa vyake, vya kukodi. Maua ya plastiki, muziki, lile gari lenye riboni na ukumbi wenyewe, vyote vya kukodi. Hata koti la mjomba sina hakika nalo. Katika ukumbi mzima kitu kilichoonewa huruma ni kimoja tu, kamera yangu.

Sasa hoja yangu ni hii. Wengi wetu vijana tunaojishikiza kwenye picha tunaingia kwenye madeni kwa sababu ya swali la yule mjomba. Hatukai chini kupiga hesabu. Tunanunua kamera ili tuonekane tuna kamera.

Tupige hesabu basi. Hizi ni namba za mfano tu, wewe weka za kwako, maana bei zinatofautiana duka na duka. Tuseme kamera iliyotumika yenye sensa kubwa, pamoja na lenzi moja nzuri, ni shilingi 3,600,000. Kuikodi kwa siku ni 60,000. Kwa haraka haraka utasema ukiikodi siku 60 umeshalipia kamera nzima ya mtu, kwa hiyo ni bora kununua. Hesabu hiyo ndiyo inayotuponza, kwa sababu inamhusu mtu mwenye 3,600,000 mfukoni. Mimi sina.

Mimi ningekopa. Tuseme riba ni 18% kwa mwaka, inapigwa juu ya mkopo wote, kwa miaka miwili. Riba peke yake ni 1,296,000. Jumla nitalipa 4,896,000, yaani 204,000 kila mwezi, harusi ziwepo zisiwepo. Mwezi wa Ramadhani ndoa zinapungua sana, na Kwaresima nayo hivyo hivyo, lakini rejesho halifungi. Na wengi wetu tuliosoma kwa mkopo tayari Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi kabla hatujauona.

Tuwe waungwana, kamera baada ya miaka miwili bado ina thamani. Tuseme nitaiuza 1,800,000. Basi itakuwa imenigharimu 3,096,000, kama haikuibwa wala kuanguka. Kwa bei ya kukodi hiyo ni kama siku 52. Sasa nikafungua daftari langu kuangalia mwaka uliopita nilikodi mara ngapi. Mara 14! Kwa mwendo huo, miaka miwili ni siku 28, sawa na 1,680,000. Nilikuwa nataka kulipa karibu mara mbili ya gharama ninayoilalamikia, ili nimjibu mjomba wa watu.

Rafiki yangu mmoja tuliyemaliza naye chuo hakupiga hesabu hii. Yeye alichukua mkopo wa mtaani, ile tunayoita kausha damu, rejesho kila wiki. Kamera aliyonunua ilikuwa nzuri kuliko zetu zote na tulimwonea wivu, sikatai. Lakini rejesho la kila wiki lilimfanya akubali kazi yoyote kwa bei yoyote. Kazi ambayo sisi tuliitaja kwa 300,000, yeye alikwenda kwa 120,000 kwa sababu Jumatatu anadaiwa. Wateja nao wana akili. Wakishajua kamera ni ya kwako wanakwambia, "Si kamera ni ya kwako, unapoteza nini?" Mwezi wa tisa kamera ikaenda kuwekwa bondi, na haikurudi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

Jumamosi iliyopita tulikutana kwa mkodishaji, kila mmoja kaja kuchukua mzigo wake. Tuliongea habari za mpira.

Hapo kuna faida moja ya kukodi ambayo sisi wenyewe hatuitumii. Ukikodi unaijua bei yako ya chini. Ukiandika makisio yako kwa mteja, weka mstari wa vifaa peke yake na mstari wa kazi yako peke yake. Akiomba punguzo mwonyeshe ule wa vifaa, mwambie huu si wangu, siwezi kuugusa. Mwenye muziki anafanya hivyo na mpishi anafanya hivyo. Ni sisi tu tunaoona aibu.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba kukodi ni peponi. Mwaka jana kamera ya kukodi ilinifia mkononi bibi harusi akiwa anaingia ukumbini. Kioo kikaandika kosa, nikabonyeza, kimya. Kilichoniokoa ni mwenzangu wa video aliyekuwa na kamera ya pili kwenye begi. Kesho yake mwenye kamera akaniambia shata imekufa mikononi mwangu, kwa hiyo nilipe mimi.

Ikabidi nijielimishe. Shata ni kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha, na kina umri wake kama tairi la gari. Watengenezaji wengi wa kamera za kitaalamu hutaja idadi. Canon EOS 5D Mark IV, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2016, shata yake imejaribiwa kufika picha 150,000. Harusi moja kwa mpigaji asiye bahili ni picha 2,000 hivi. Gawanya, unapata harusi 75. Inaweza kuvuka hapo, inaweza isifike. Sasa kamera inayokodishwa kila wikiendi, leo kichen pati, kesho sendofu, keshokutwa harusi, inamaliza umri huo mapema sana. Mimi niliipiga picha 400, waliotangulia walishaipiga maelfu kwa maelfu, lakini lawama ikanishukia niliyekuwa wa mwisho kuishika. Hatukuwa na karatasi yoyote. Nililipa nusu ili yaishe.

Kwa hiyo kama unakodi, chukua haya ya bure kutoka kwa aliyeyalipia. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari: nani analipa nini kikiharibika, na kipi ni uchakavu wa kawaida. Uliza imeshapiga picha ngapi. Kabla hujaondoka piga picha ya anga au ukuta mweupe kwa kufunga lenzi hadi f/16, kisha ikuze. Madoa meusi ni vumbi kwenye sensa na yatakuwepo kwenye picha zako zote. Jaribu betri zote. Memori kadi tumia ya kwako, maana hujui ile ya kukodi imeshapita mikono mingapi. Na ichukue jioni ya siku iliyotangulia ulale nayo, uizoee. Si vizuri kutafuta kitufe cha mwanga wakati watu wanavishana pete.

Mpaka hapo mtaniuliza, sasa kwa nini fomu bado iko mezani? Kwa nini hujaichana?

Kwa sababu ya Kariakoo. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, lile jengo la ghorofa lilipoporomoka pale, nilipigiwa simu niende haraka. Jumamosi! Nikampigia mkodishaji nikiwa kwenye bodaboda. Kamera zote zilikuwa zimetoka, ziko saluni na makanisani. Nilifika na simu yangu tu. Watu walikuwa wanachimba kifusi kwa mikono, mama mmoja anaita jina ambalo nalisikia mpaka leo, na mimi nyuma ya utepe nakuza picha kwa simu mpaka nyuso zinageuka ukungu. Siku ile nilijua kwa nini mwandishi anahitaji kamera yake.

Nimeliwaza sana jambo hili na nadhani jibu liko hapo. Kabla ya kuuliza bei ya kamera, jiulize kazi yako inakupa tarehe au haikupi. Harusi ina kadi, tarehe inajulikana miezi mitatu kabla, na kuna kamati na vikao. Kazi ya namna hiyo kodi, tena kodi kamera nzuri kuliko uwezo wako, na gharama iwe ya mteja. Habari haina kadi. Kwa kazi isiyo na tarehe unahitaji kitu chako kwenye begi kila siku, hata kikiwa kidogo.

Na hiki kidogo hakihitaji 3,600,000. Kinachonivutia sasa ni bodi ya zamani (ya kamera, siyo ile inayotukata mishahara) na lenzi moja ya 50mm f/1.8, ambayo kwa Canon na Nikon ni kati ya lenzi za bei nafuu kabisa na inavuta mwanga vizuri hata ukumbini gizani. Tena kama una hela ya kitu kimoja tu kizuri, weka kwenye lenzi. Bodi hupitwa na wakati haraka, lenzi huzeeka taratibu. Lenzi za Canon za EF zilianza mwaka 1987, na kamera zao mpya zisizo na kioo cha ndani, zilizoanza mwaka 2018 na mlango wa lenzi wa RF, bado zinazitumia ukiweka adapta. Hata kwenye kamera ya kukodi unaweza kwenda na lenzi yako, mradi mlango ni mmoja.

Simzuii mtu kununua. Kama daftari lako linasema unapiga siku nne au tano kila mwezi, mwaka mzima, na hela unayo au mkopo wako ni wa riba ya kibinadamu, kanunue leo, unajichelewesha. Ninachoomba ni daftari litangulie kabla ya fomu. Wengi tunaanza na fomu, daftari tunalitafuta tukishadaiwa.

Mimi nimeamua. Kila nikikodi kwa 60,000 natia 30,000 kwenye kibubu. Nilianza wiki tatu zilizopita na tayari kinalia ukikitikisa. Fomu ya SACCOS nimeigeuza, upande wa nyuma nimeandika orodha ya harusi za mwezi ujao. Ziko tatu. Na yule mjomba, kama nitamkuta kwenye mojawapo na akaniuliza tena, nitamjibu vile vile: hapana mzee, ya kukodi. Kisha nitamwomba asimame vizuri nimpige picha, maana picha ndiyo atakayokwenda nayo nyumbani.

Naomba kuwasilisha.